Tubishane tukiwa na tarakimu

Ndugu Mhariri,

Hapa Mwanjelwa ubishi wa siasa na uchumi hauishi, nami naupenda. Kinachoniudhi ni kubishana bila tarakimu. Juzi kwenye kibanda cha wakala, jamaa mmoja alishikilia kwamba tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021 haijaguswa hadi leo. Si kweli: Septemba mwaka huohuo ilipunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka 2022 ikapunguzwa tena. Muuza viazi wa Uyole aliyekuwa akitoa hela akamsomea ujumbe wenye makato, shilingi kwa shilingi. Jamaa akahamia Simba na Yanga! Naomba gazeti lako lichapishe jedwali la makato hayo kila bajeti inapopita, tulibandike pale kibandani.

Msomaji wako,
Mbeya