Laki nane ya bweni sitatuma

Minneapolis, 16 Novemba

Kaka Eliamini, shikamoo.

Natumai mko wazima, na magoti ya Mama yamepata nafuu baada ya ile dawa ya kuchua. Mimi sijambo. Baridi imeanza, kazi ipo, mengine tuyaache.

Meseji yako niliipata Jumanne nikiwa kwenye basi. "LAKI NANE KABLA YA TAREHE 30, NAFASI INAONDOKA." Hata salamu hakuna. Nilishuka kituo ambacho si changu, nikatembea kwa miguu mpaka hasira ikapungua. Ndiyo maana naandika kwa mkono na kukupigia picha kurasa, maana ningekujibu kwa sauti ungesema nimekutukana. Ukimaliza msomee Mama, ila ile ya bati iruke.

Sitatuma. Ada ya kutwa, sare, gari la shule, uji wa saa nne, hivyo vyote nalipa na nitaongeza. Bweni hapana. Anande wangu ana miaka sita.

Isitoshe, tangu Machi 2023 Wizara ya Elimu ilikataza bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne, labda shule iwe na kibali maalumu. Hao wanaokukimbiza na nafasi inaondoka, umewaomba kibali ukakiona? Au umeona magodoro mapya na bendera getini ukaridhika?

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni lile neno. Umeandika mwalimu wake amesema mtoto ni mzito, hatulii, kunakili ubaoni anamaliza wa mwisho, kwa hiyo akakae bweni "anyooke". Hilo neno nimelala nalo siku nne.

Unajua kazi yangu, ingawa Shangazi Aikande pale Kiboroloni bado anawaambia watu nafua mashuka ya hospitali. Nilifua, miaka miwili, yamekwisha. Sasa niko kwenye utafiti wa ubongo wa watoto, nina kitambulisho chenye picha, nakigusisha mlangoni unafunguka wenyewe. Kazi yangu ni kuwalaza watoto kwenye mashine ya MRI, ile inayopiga picha ya ubongo kwa ndani. Wachanga hatuwapi dawa ya usingizi. Wananyonya, tunawafunga vizuri kwenye shuka, tunawaziba masikio, halafu watu wazima sita wanakaa kimya wakisubiri mtoto alale. Mashine nayo ikianza inanguruma kama ile ya kusaga pale Kwa Sadala.

Mwezi wa tisa kulikuwa na katoto ka miezi mitano kamegoma usiku wa pili mfululizo. Mama yake machozi, daktari anatazama saa. Nikaomba ruhusa. Nikakabeba mgongoni na kile kitenge cha msiba wa Babu, nikatembea nako koridoni juu chini, naimba ule wimbo wa Mama wa kukata majani ya ng'ombe. Robo saa tu. Tulipata picha dakika arobaini bila mtikisiko hata mmoja. Tangu hapo wakishindwa wananipigia hata siku ambayo si zamu yangu. Watu wenye digrii tatu, Kaka! Hilo mfikishie Shangazi Aikande kama lilivyo.

Sasa sikiliza ninachokiona humo. Mtoto akizaliwa, mitandao ya kuona, kusikia na kusogeza viungo imeshajipanga karibu kama yako. Ile ya kufikiri, ya kujizuia, ya kushika jambo moja mpaka liishe, iko vipande vipande. Kumbuka mfongo wetu, ule mfereji wa maji ya msituni, mwaka ule ulipobomoka juu. Vijifereji vya kihambani vilikuwa na maji, kila mtu na tone lake la kisima, lakini kutoka msituni mpaka kwetu hakikuja kitu. Ubongo wa mtoto uko hivyo. Walio jirani wanaongea, walio mbali bado hawajajuana. Miaka inavyokwenda sehemu ya mbele na ya nyuma zinaanza kupeana maji, na nyuzi zenyewe zinavikwa utando wa mafuta ili ujumbe upite upesi. Sehemu ya mbele kabisa ndiyo ya mwisho, mpaka miaka ishirini na kitu. Ulipouza pikipiki ya Baba ulikuwa na kumi na tisa. Kwa hesabu za huku nimekusamehe.

Na si kuongeza tu. Kuna daktari mmoja wa Chicago, Peter Huttenlocher, mwaka 1979 alitoa hesabu ya viungio vya neva alivyovihesabu kwa darubini ya elektroni. Alikuta kwenye ubongo wa mbele mtoto wa mwaka mmoja au miwili amemzidi mtu mzima kwa karibu nusu, halafu vinapungua polepole mpaka ujanani. Niliposikia nilimwona Babu na msumeno wake mdogo, anakata machipukizi ya kahawa, Mama analia kwamba anaua shamba. Mwaka uliofuata nani alinunua kabati?

Hapa sasa ndipo mwalimu wa Anande anaponikera. Ndani ya ile mashine mtoto akitikisa kichwa kidogo tu, picha imeharibika. Wataalamu walikuwa wanaona kwa watoto mawasiliano ya karibu yana nguvu na ya mbali ni dhaifu, wakafurahi, wakaandika. Mwaka 2012 kundi moja la St. Louis likaonyesha kwamba kutikisika kwenyewe kunatoa picha ya aina hiyohiyo, ya karibu yanaonekana yameimarika na ya mbali yamelegea, hata kama kichwani hamna tofauti. Ikabidi wengi warudie hesabu. Habari ya mfongo haikufutika, lakini ilipungua ukubwa. Hebu fikiria. Watu wenye mashine ya mabilioni waliona mtoto hatulii wakadhani wanaona uchanga wa ubongo. Mwalimu mwenye watoto hamsini na chaki moja atajuaje? Kwetu wa miaka sita hatumwingizi mashineni siku ya kwanza. Tunayo mashine ya uongo, boksi tu lenye kelele, anajifunzia humo kutulia huku tunacheza naye mchezo wa sanamu. Wengine wanarudi mara tatu. Hakuna anayeandikiwa kwamba ni mzito.

Kuhusu bweni kuna kisa cha Romania. Kuanzia mwaka 2000, mjini Bucharest, walichukua watoto 136 waliokuwa wanakulia kwenye vituo, wakawagawa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa familia za kuwalea. Walipofika miaka minane wakapimwa umeme wa ubongo. Waliopata familia kabla ya miaka miwili walifanana na watoto waliokulia nyumbani. Waliopelekwa baadaye walifanana na wale wa kituoni. Najua, bweni si kituo, na sita si mbili. Usinikatize. Nasema tu kwamba nikisoma vitu hivi naona uso wa mtu.

Na Mama asidhani hamsaidii kitu mtoto kwa kuwa hajui Kiingereza. Mwaka 2018 kuna waliowarekodi watoto wa miaka minne mpaka sita nyumbani kwao, kisha wakawaweka kwenye MRI wakisikiliza hadithi. Sehemu ya lugha ilifanya kazi zaidi kwa watoto waliozoea kupokezana maneno na wakubwa, mmoja anasema mwingine anajibu, na haikujalisha mzazi ana pesa au hana. Sasa nani Machame nzima anamshinda Mama kwa kubishana? Anande akisema jogoo amelala, Mama anataka ushahidi. Aendelee naye kwa Kimachame hichohicho.

Mpango wangu ni huu. Yule binti wa kina Ndesa amemaliza kidato cha nne, yuko tu. Aje asubuhi na jioni, amwogeshe, amkatie Mama majani. Namlipa mimi kwa M-Pesa, mkononi mwake, haipiti dukani kwako. Usinune. Bati nilituma za bando mbili, na kwenye picha ya jiko nimehesabu, nimekuza mpaka nikaona misumari, ni bando moja. Tutaongea nikija.

Najua unachotaka kuniuliza, uliniuliza pale KIA begi langu likiwa kwenye mizani: "Unamwachia nani?" Nikasema Mama, nikapita. Sijapata jibu lingine. Ananiita Mama Marekani. Juzi kwenye video alinionyesha pengo la chini, akasogeza mdomo kwenye kamera mpaka nikabaki naona wekundu tu, nikamwambia hongera, leo limetoka? Mama akajibu kwa nyuma, wiki mbili sasa.

Neema anasafiri tarehe 10, amenipa kilo tatu kwenye begi lake. Mweke mtoto asimame kwenye karatasi, si akiwa amekaa, mguu ulale wote, umzungushie kalamu miguu yote miwili, kisha upime kwa rula uniandikie, maana kwenye picha ya simu vipimo vinadanganya. Vile vya mwaka jana Mama alisema vinamtosha, kumbe alikuwa anavivaa amekanyaga kisigino.

Dada yako,
Ndeshi