Kalamu ya tabibu ikibaki mezani: kwa wauguzi wa zahanati za Kibosho, Uru na Old Moshi

Wanangu,

Poleni na zamu. Nimestaafu, lakini sijasahau Jumatatu ya masika: foleni imefika kwenye migomba, tabibu kaitwa semina mjini, na kalamu yake ya kuandikia dawa iko mezani.

Niwaambie nilichofanya mimi. Alikuja bibi mmoja na mjukuu wa mwaka mmoja, anaharisha siku ya pili, majimaji matupu, hakuna damu, na kunywa anakunywa. Dawa yake nilikuwa naijua: ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, na zinki, miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14. Bibi akakitazama kile kipakiti. "Nimeshuka na mvua yote hii kwa ajili ya chumvi na sukari?" Nikaona aibu, nikamwandikia antibiotiki. Akanishukuru mno. Tatizo likawa hapo, maana shukrani ile ilikuwa tamu na nikaitafuta tena kwa wengine.

Mtoto alipona, angepona hata bila ile dawa. Ila nyumba ile ilishajifunza. Safari iliyofuata hawakuja kwangu, walipitiliza duka la dawa.

Siku hizi nasikia kila homa ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na kila UTI ni sindano za masaa. Seftriaksoni, jamani! Shirika la Afya Duniani liliiweka mwaka 2017 katika kundi la antibiotiki za kutumia kwa tahadhari, kwa kuwa ni rahisi vijidudu kuwa sugu kwake. Ikigoma, huko hospitali ya rufaa ya KCMC mgonjwa watamchoma nini?

Uingereza muuguzi husomea kwanza kuandika dawa, na tangu 2006 aliyefuzu anaandika karibu dawa zote, mradi asivuke anachokijua. Sisi kalamu tuliachiwa na uhaba wa watu, kwa hiyo mpaka unajiwekea mwenyewe. Mpigie tabibu simu hata akiwa semina. Ukiandika dawa, weka jina lako, si lake. Usipojua, toa rufaa, hata wakikulalamikia nauli ya kwenda hospitali ya Mawenzi.

Na bibi wa namna ile akija, mkalishe kwenye benchi. Koroga ORS mbele yake, kwa maji yaliyotajwa kwenye pakiti, umwachie kijiko amnyweshe mjukuu mwenyewe. Foleni itanung'unika. Mimi nilianza kufanya hivyo mwaka wangu wa mwisho kazini.

Mama yenu mstaafu,
Moshi