Kwa mpwa wangu uliyepangiwa kata Tanga: anza na visima

Marahaba, mpwa wangu.

Watakuita Bibi Afya kabla hujaufungua mkoba, na wengi watadhani umekuja kuandika faini kwenye vibanda vya chakula. Vibanda utavifikia. Nakuomba wiki zako za mwanzo uzitoe kwa visima vya uani, na nakuandikia hadharani ili wenye visima nao wajue unatafuta nini.

Jiji lina maji ya bomba, yanatoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, lakini visima bado vina kazi. Mwenye nyumba atakuambia, "Haya si ya kunywa, ni ya kuoshea tu." Muulize anaoshea nini. Sahani, bilauri za juisi ya ukwaju, nyanya za kachumbari, mdomo wakati wa kutawadha. Vyote hivyo vinafika kinywani bila kupita motoni.

Chuoni ulifundishwa kwamba choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, upande wa bondeni, na kitako cha shimo kiwe juu ya maji ya ardhini kwa mita 1.5 hadi 2. Ishike kanuni hiyo, ila ujue inategemea udongo unaochuja. Mchanga mwembamba hunasa vijidudu. Sehemu kubwa ya pwani yetu imekaa juu ya jiwe la chokaa na matumbawe, na jiwe hilo lina nyufa. Ukitaka kuona maji yanavyolila, nenda Mapango ya Amboni. Maji ya karo, yaani shimo la maji machafu ya choo, yakipata ufa hayachujwi, yanasafiri tu, na mita 30 zinakuwa si kitu. Ndiyo maana hapa macho na futi kamba havitoshi.

Hata hivyo anza na macho. Angalia maungio ya karavati, zile pete za zege za ukuta wa kisima: mita 3 za juu zinatakiwa ziwe zimezibwa kwa sementi, kwa sababu maji machafu ya juu huingilia hapo. Mdomo uwe umeinuka, una mfuniko, na sakafu ya zege izunguke kisima kwa mita moja au zaidi bila ufa, na mfereji upeleke maji mbali. Kisha tazama kamba na ndoo. Ndoo ikilala chini penye kuku na matope, inarudisha kisimani kinyesi kilichopo pale. Iwe moja, na iwe na msumari wa kutundikia.

Sampuli ya vijidudu ichukue kwa chupa iliyotakaswa, iweke kwenye kisanduku cha barafu, ifike maabara ndani ya saa 6. Kipimo kinachokubalika ni sifuri: hakuna E. koli, kijidudu cha kinyesi, hata mmoja katika mililita 100. Pima na naitreti, chumvi inayotokana na kinyesi au mbolea. Ikizidi miligramu 50 kwa lita na hakuna shamba lenye mbolea karibu, shuku karo. Naitreti haiondoki kwa kuchemsha wala kwa klorini, na ni hatari kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo, kwa hiyo mwambie mama wa nyumba hiyo siku hiyohiyo atumie maji mengine.

Sasa klorini, ambako watu huharibu zaidi. Kosa la kwanza ni kumwaga unga wa klorini kwenye kisima chenye ufa. Baada ya siku chache uchafu umerudi na fedha imekwenda. Ziba kwanza. Kosa la pili ni kukisia. Shusha kamba yenye jiwe hadi chini, ivute, pima sehemu iliyolowa: hicho ndicho kina cha maji. Kipenyo mara kipenyo, mara 0.785, mara kina, mara 1,000, unapata lita. Kisima cha kipenyo cha mita 1 chenye maji ya mita 3 kina kama lita 2,355. Kwa miligramu 50 kwa lita, unga wa asilimia 65 utakaohitaji ni gramu 180 hivi.

Vaa glavu na miwani. Tia unga kwenye maji, usitie maji kwenye unga, na ndoo iwe ya plastiki. Acha mashapo meupe yatulie, mimina kisimani maji ya juu tu. Koroga kisima kwa kushusha na kupandisha ndoo, sugua kuta, funika usiku kucha, na nyumba nzima ijue hakuna anayechota. Asubuhi chota na kumwaga mpaka klorini ishuke chini ya miligramu 0.5 kwa lita. Usimwage mtoni wala kwenye bustani.

Kidonge cha DPD namba 1, cha kupimia klorini kwa rangi, kinadanganya kwa njia mbili. Ukichelewa kusoma, rangi ya waridi inazidi na unaandika namba kubwa. Klorini ikiwa nyingi mno, rangi inafifia kabisa na unaandika sifuri. Ukipata sifuri asubuhi baada ya kutia dawa jana, changanya sehemu moja ya maji ya kisima na tisa za maji yasiyo na klorini, upime tena, uzidishe kwa 10. Usikitoe kidonge kwa vidole.

Unga uliokaa wazi kwenye joto letu umekwisha nguvu hata kama kopo limejaa. Maji yenye tope nayo hula klorini kabla haijafika kwa vijidudu.

Dawa ya kisima haidumu, kwa hiyo wafundishe na kutia dawa maji ya ndoo nyumbani. Mililita 4 za mchanganyiko wa asilimia 1 kwenye lita 20 za maji maangavu, dakika 30, ibaki klorini ya miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Mchanganyiko huo ni gramu 15 za unga kwa lita moja, na ukae kivulini kwenye chupa isiyopitisha mwanga.

Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inakupa mamlaka ya kutoa notisi, na kuna karo litakalokulazimisha uitumie. Lakini notisi isiyosema ufa uko wapi na sementi ipakwe hadi kina gani haimsaidii mtu. Iandike hivyo, mbele ya mwenye kisima, naye akiwa ameshika taa.

Zungukia vyote kabla ya Machi. Masika yakianza, maji ya ardhini hupanda yakakutana na karo, kwa hiyo kisima kilichopata sifuri Februari kipime tena Mei.