Ukienda Kinyumenyume, Urudi

Mwanangu,

Hadithi yako nimeisoma mara mbili tangu juzi. Yule mzee aliyesimama mlangoni, mkono juu ya komeo, umempeleka utotoni mwake kwenye ukurasa wa pili, na hadi wa tisa hujamrudisha. Mlango ungali umefungwa. Jumatatu unaondoka kwenda chuoni, nami hilo linaninyima usingizi.

Maana ya kisengerenyuma unaijua, sikatai: mtunzi kukatiza mtiririko wa visa ili atuonyeshe yaliyotangulia. Wengine husema mbinu rejeshi. Lakini lisikilize neno lenyewe. Kwenda kisengerenyuma ni kwenda kinyumenyume, visigino vikitangulia. Anayetembea hivyo hageuki. Uso wake bado unatazama alipoondoka. Ndiyo maana nalipenda kuliko hilo rejeshi, ambalo linaeleweka upesi ila halina miguu. Mtunzi hurudi nyuma huku macho yake yako mlangoni. Wewe umegeuka ukakimbia.

Hata analepsi, istilahi ya mbinu hiyohiyo aliyoitumia mhakiki Mfaransa Gérard Genette mwaka 1972, asili yake ni Kigiriki, na ndani yake mna kuchukua tena. Unachukua ili ulete. Odysseus, shujaa wa utenzi wa Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, husimulia mwenyewe masaibu yake kuanzia kitabu cha 9 hadi cha 12, kati ya vitabu 24, kisha tunajikuta tena kwa wenyeji wake waliokuwa wakimsikiliza. Vitabu vinne vizima! Kwa hiyo sikulaumu kwa urefu. Nakulaumu kwa kutorudi.

Tena usiite kisengerenyuma kila mhusika anaposema "nakumbuka". Tukio la zamani sharti litendeke upya mbele yetu. Najua ulikolitoa kosa hilo. Daftari lako la zamani bado lina mwandiko wangu pembeni. Mwalimu wako aliposahihisha, nilimjia juu. Alikuwa sahihi.

Lile komeo, lakini, umelieleza vizuri mno. Nilimsomea baba yako, akaniomba nirudie.

Blanketi lako nimelifua, liko juu ya sanduku. Mdogo wako ameshaanza kulalia kitanda chako, usimgombeze. Bomba la jikoni linavuja tena, ulitazame kabla ya Jumatatu. Na kabla hujafunga sanduku, kaa mezani umrudishe yule mzee. Afungue mlango au aondoke zake, hilo ni shauri lako, mradi tumwone.

Mama yako