Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkurugenzi: nirudishie mikebe ya Raza Mir

Assalaam aleikum, Mheshimiwa Mkurugenzi.

Natumai u mzima. Hii ni barua yangu ya tano kwako, kuhusu mikebe minane ya filamu ya marehemu baba yangu niliyokukabidhi uihifadhi. Nne za mwanzo nilizileta kwa mkono, nakala zikagongwa mhuri wa "IMEPOKELEWA", na nakala hizo ninazo kwenye bahasha chini ya godoro. Kwa kuwa ofisini kwako mhuri ndio unaofanya kazi peke yake, hii nimeiandika hadharani.

Jumanne iliyopita, baada ya mvua ile ya usiku kucha, nilikuja. Hukuwepo, ulikuwa semina. Semina ya kuhifadhi urithi, aliniambia kijana wa mapokezi, wala hakucheka. Nikaomba nipande stoo nikaangalie mikebe yangu. Goti langu bovu, na ngazi zako ni thelathini na mbili, nazijua kwa hesabu ya maumivu. Juu nikakuta dari inavuja pembeni, na penye tone mtu ametega mkebe wa filamu, kifuniko kimetolewa, unakinga maji. Mkanda umo ndani yake, umelowa kama tambi. Mikebe mingine imebandikwa karatasi: FILAMU ZA KIHINDI, MBOVU, ZISUBIRI KUTUPWA.

Nianze na hiyo karatasi. Si filamu ya Kihindi, Mheshimiwa. Ni ya Kiurdu, imetoka Pakistan, ni ya mwaka 1967, inaitwa Lakhon Mein Eik, yaani mmoja katika malaki. Hata hiyo laki tunayohesabia sisi tumeitoa huko huko. Aliyeiongoza ni Raza Mir, na jina lake marehemu baba yangu aliliandika kwa rangi nyeupe kwenye kila kifuniko, herufi kubwa. Aliyebandika karatasi yako ameibandika juu ya jina.

Mwaka juzi uliniuliza mbele ya wageni wako, "Raza Mir ndiyo nani, mama?" Nikaanza kujibu, ukageuka kupigwa picha. Naomba nimalizie jibu langu leo.

Raza Mir alishika kamera kabla hajaongoza filamu. Pakistan ilipozaliwa Agosti 1947, studio za Lahore zilibaki kama nyumba iliyohamwa. Wenye mitaji, mafundi na waigizaji wengi walikuwa Wahindu na Masingasinga, na wamevuka mpaka kwenda India. Kwa mabaki hayo ndipo watu wakajikusanya wakapiga Teri Yaad, filamu ya kwanza ya nchi ile, ikaonyeshwa Lahore tarehe 7 Agosti 1948, wiki moja kabla nchi yenyewe haijatimiza mwaka. Mwigizaji mkuu alikuwa Nasir Khan, mdogo wake Dilip Kumar, yule nyota wa filamu za India mama zetu waliyemlilia. Nyuma ya kamera alikuwa Raza Mir. Filamu haikupata watu. Lakini iko, imeandikwa kwenye historia, na mwanga wake aliupanga yeye, bila semina.

Ikafika 1967. Vita vya India na Pakistan vya Septemba 1965 vilikuwa havijapoa, na filamu za India zimepigwa marufuku katika majumba ya sinema ya Pakistan. Ndipo Raza Mir, sasa mwongozaji, akatoa hadithi ya msichana wa Kihindu, Shakuntala, na kijana wa Kiislamu wanaopendana huku mpaka umewakata katikati. Shakuntala ni Shamim Ara, kijana ni Ejaz. Hadithi iliandikwa na Zia Sarhadi, ambaye mwenyewe alifanya filamu Bombay kabla ya kuhamia Pakistan. Muziki ni wa Nisar Bazmi. Ndani yake mna wimbo wa ibada ya Kihindu, na anayeuimba ni Noor Jehan, mwimbaji Mwislamu. Pima mwenyewe ujasiri huo, wewe ambaye huu mwezi wa nne sasa umeshindwa kusaini barua ya kununulia turubai.

Humo ndimo alimoingia Mustafa Qureshi, mtu wa redio kutoka Hyderabad ya Sindh, Raza Mir akamtia mbele ya kamera. Baadaye akawa jambazi wa kutisha kupita wote katika filamu za Kipunjabi. Raza Mir akaendelea, mwaka 1972 akaongoza Naag Mani. Hiyo baba hakuipata, nami sitaki kujifanya naijua.

Baba alikuwa opereta wa sinema, huo ndio ujuzi wangu wote. Nilipokuwa na miaka kumi, nikitoka skuli, kazi yangu ilikuwa kupitisha mkanda katikati ya vidole viwili nikitafuta kwa kugusa vitundu vilivyochanika pembeni, maana kitundu kimoja kikichanika, usiku mkanda unakatika na watu wanapiga mbinja mpaka mtaa wa tatu. Mkebe wa tano nilikuwa nauinua dirishani. Uso wa Shamim Ara, weusi na weupe, ukubwa wa ukucha wa dole gumba, umejirudia ishirini na nne kwa kila sekunde moja, na kila mmoja una kivuli kilichokaa sawa na cha mwenzake. Baba akiniambia, tazama, huyu mwongozaji ameshika kamera, hakuja kukaa kitini tu.

Mikebe minane nilikukabidhi miaka mitatu iliyopita. Ulisema kabla ya Ramadhani yote itakuwa imeingizwa kwenye kompyuta. Hukutaja Ramadhani ya mwaka gani. Kosa ni langu, sikuuliza.

Wengine wananiambia ni bajeti. Huenda. Kiyoyozi kipya cha ofisini kwako nakisikia kikinguruma nikiwa ngazi ya kumi. Wengine wanasema mambo haya si urithi wetu. Basi tuanze kutupa na nyimbo za taarabu zilizochukua tuni zake kwenye filamu za kule, tuone arusini tutabaki kucheza nini. Mimi nadhani, na unisamehe nikiwa nimekosea, stoo ile imeshapata mtu. Niliona mafundi wakipima ukuta kwa futi kamba, na mmoja akauliza dirisha la duka litakaa wapi.

Kuna jambo hujui au umelisahau. Mkanda wa namna hii ukipata joto na unyevu unaanza kunuka siki. Siki ya achari, hiyo hiyo. Ukishanuka haurudi ulivyokuwa. Unajikunja, unasinyaa, vitundu havikai tena kwenye meno ya mashine, na mvuke wake unauambukiza mkebe wa jirani. Dawa ni kuuweka pakavu, pa baridi, penye hewa, na uliougua utengwe. Jumanne niliinama kwenye kila mkebe nikanusa. Mitatu tayari. Mmoja wa majini sijui niuweke hesabu gani. Minne bado.

Wakinipita pale chini, vijana wako wanasema "bibi wa makopo amekuja". Nasikia. Nauli ya daladala kwenda na kurudi naitoa kwenye vitumbua. Daktari amenikataza ngazi.

Barua ya kwanza nilikuomba filamu iingizwe kwenye kompyuta. Ya pili nikaomba ionyeshwe hata usiku mmoja, ukutani, kwa shuka, na kijikaratasi kinachomweleza Raza Mir. Ya tatu nikaomba chumba kikavu. Ya nne, turubai. Sasa sitaki kompyuta wala turubai. Naomba mikebe yangu. Nirudishie, na huo wa majini pia, na maji yake umwage mwenyewe.

Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni na mkokoteni na mpwa wangu wa kubeba. Kama utakuwa semina, acha ufunguo mapokezi.

Wako kwa heshima,
Mtoto wa opereta, Ng'ambo