Mwalimu akiondoka Agosti, msimwite msaka hela

Mhariri,

Nimesoma kwenye ukurasa huu malalamiko ya wenye shule binafsi kwamba walimu tunawakimbia katikati ya mwaka, mara tu majina ya walioajiriwa serikalini yanapotoka Ajira Portal, mtandao wa serikali wa maombi ya kazi. Mmoja ametuita wasaka hela. Naomba nafasi nijibu, kwa sababu jina langu limo kwenye orodha ya walioitwa kazini wiki iliyopita.

Nafundisha Kemia shule ya bweni nje kidogo ya Moshi. Sidanganyi, hapa naishi vizuri. Nyumba ni ya shule, maji hayakatiki, mchana nakula bwaloni, na wanangu wawili wanasoma kwa nusu ada. Maabara ina gesi na kila mtahiniwa ana bureti yake, ule mrija wa kudondoshea kimiminika kwa vipimo; niliyesoma naye chuo, ambaye yuko shule ya kata, anawapanga wanafunzi kwa zamu. Mke wangu ana meza ya mitumba Kiboriloni na wateja wameshamzoea. Nilikopangiwa ni Kakonko, Kigoma. Mshahara wa huko, ukishakatwa kodi, PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma) na bima, haupishani sana na ninaoupata sasa, na deni la Bodi ya Mikopo linakatwa asilimia 15 kotekote. Sasa hizo hela ninazozisaka ziko wapi?

Kinachonisukuma kwanza ni mama. Ana kisukari na presha, na shuleni kwetu hakuna bima. Insulini nanunua mwenyewe duka la dawa. Vijiti vya kupimia sukari navyo vina bei yake, kwa hiyo mwezi ukibana mama anaruka siku bila kupima, ananiambia, "Leo najisikia mzima tu, mwanangu." Mtumishi wa serikali akiwa na kadi ya NHIF, bima ya afya ya taifa, anaandikisha mwenza na wategemezi wanne, wazazi wakiwemo. Kwangu watoto ni wawili na mama wa tatu. Tunaenea na nafasi inabaki.

Halafu kuna uzee wangu mwenyewe. Kwenye hati ya mshahara makato ya NSSF, mfuko wa pensheni wa sisi wa sekta binafsi, yapo kila mwezi. Nikifungua taarifa ya michango, kuna miezi haionekani kabisa. Mhasibu aliniambia nisubiri ada ziingie. Ada ziliingia Januari, likanunuliwa basi.

Nina miaka 42. Matangazo ya ajira serikalini yanataka asiyezidi 45, kustaafu kwa lazima ni 60, na pensheni inadai michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Aliyetunga masharti hayo alijua kupiga hesabu. Mimi pia nimepiga. Usaili wa walimu wa mwanzoni mwa 2025 ulikuwa na waombaji zaidi ya 200,000 kwa nafasi 14,648. Anayenishauri ningoje nafasi nyingine aniambie itatokea lini.

Mkuu wangu wa shule, mzee ninayemheshimu, aliniita ofisini akanikumbusha nisiache mbachao kwa msala upitao. Nilimjibu kwa adabu: shikamoo yako mkuu, lakini mbachao huu nimeazimwa. Mkataba wangu ni wa miaka miwili miwili. Siku usiporefushwa, nyumba inarudi kwa wenyewe na nusu ada inakuwa ada nzima.

Kinachoniumiza ni kidato cha nne. Mtihani wao ni Novemba. Kwenye mtihani wa vitendo bado wapo wanaoongeza tone moja la ziada na rangi ikapita, wakaandika kipimo ambacho si chenyewe. Hilo linarekebishwa kwa kukaa nao maabara jioni kwa jioni, na jioni hizo ndizo ninazowanyima. Hapo wenye shule wana haki ya kulalamika, ila wamekosea mlango. Tuliofaulu usaili tukakosa nafasi, tukawekwa kwenye kanzidata, yaani orodha ya akiba, tunaitwa wakati wowote, na siku za kuripoti ni chache. Sekretarieti ya Ajira na TAMISEMI wangeweza kutuita Desemba, shule zikiwa zimefungwa, au wakaturuhusu tuliopo madarasani kuripoti Januari. Serikali nayo ina watahiniwa, inajua Novemba ni nini.

Nimeamua kwenda. Mke wangu na watoto nawaombea ruhusa wabaki kwenye nyumba ya shule hadi muhula ufungwe, na notisi naipeleka Jumatatu. Mwenye shule asipoteze muda kuniandika gazetini. Walimu wa Kemia waliokosa zile nafasi wamejaa mitaani, na watatu nimeshampa namba zao. Awapigie leo, na kwenye mkataba awaandikie bima, na michango ya NSSF aipeleke kabla ya kununua basi lingine.

Mwalimu wa Kemia,
Moshi.
(Jina limehifadhiwa)