Jamani, Mokowe ndo Lamu?

Assalam alaykum dada mshauri na wasomaji wote. Mimi ni mama wa watoto watatu, tulikuwa tunaishi Nairobi miaka tisa, kazi ya mume wangu ikaisha tukaona bora turudi kwetu Amu, yaani Lamu kisiwani, nyumba ya marehemu mama iko mtaa wa Langoni na haina mtu. Nipeni akili manake yangu mimi imefika mwisho.

Kampuni ya kuhamisha vyombo alotuletea ni shemeji yangu, mdogo wake mume, akasema hawa ni watu wake. Tukaelewana elfu 95 Nairobi mpaka Lamu, elfu 70 mbele kwa M-Pesa na 25 mzigo ukifika. Karatasi walotupa ilikuwa na mstari mmoja tu, "vyombo vya nyumba, Nairobi – Lamu". Hakuna alokuja kuhesabu maboksi wala kuandika friji iko hali gani, nami nikanyamaza, si ni watu wa shemeji.

Walisema siku mbili, zikawa nane. Ukipiga simu "tuko njiani mama", kumbe lori limekaa Mombasa linangoja lijae mizigo ya watu wengine. Siku ya nane mchana dereva anapiga, "mama tumefika Lamu, njooni mchukue". Nikatoka mbio na buibui langu mpaka gatini, naangalia huku, naangalia kule. Sijui nlikuwa natafuta lori gani Amu mie, mahali punda wawili wakikutana kichochoroni mmoja lazima angoje! Kumbe yuko Mokowe, ng'ambo kule bara.

Nikamwambia kaka, bado kuna bahari hapo katikati. Akanipa ofisi yao, na ofisi ikanijibu Mokowe si ndo Lamu, makao makuu ya kaunti si yako hapo hapo? Na kweli yako hapo, ndo maana nikakosa la kusema. Lakini mimi tangu siku ya kwanza niliwaambia nyumba iko Langoni, kisiwani, ila ilikuwa kwa mdomo.

Dereva akawa anataka kugeuza kabla jua halijazama, na kwa jinsi ile njia ya Witu mpaka Garsen ilivyo hapo simlaumu. Vijana wake wakashusha kila kitu chini vumbini wakaenda zao. Nikakodi mashua safari mbili, maji yamekupwa ikabidi tungoje, halafu hamali na punda kutoka gatini mpaka mlangoni, hesabu ikafika elfu 23 na mia tano, pesa ambazo sikuzipanga kabisa na nyingine nilikopa kwa jirani. Kitanda cha mama, kile cha kuchongwa alonipa nilipoolewa, mguu mmoja umekatika. Friji imebonyea ubavuni na haishiki baridi mpaka leo. Na maboksi manne hayakuja, ndani mna cherehani yangu na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Sasa wanasema maboksi yako stoo kwao Mombasa na hawayatoi mpaka nimalize ile elfu 25. Mimi nasema hiyo 25 nishaimaliza baharini. Mume wangu anasema nilipe tu nipate vyeti, mengine nimwachie Mungu. Jirani anasema niende mahakama ya madai madogo, ati inasikiliza kesi zisizozidi shilingi milioni 1 na wakili si lazima. Picha ninazo, meseji za M-Pesa ninazo, lakini karatasi yenyewe ndo ile ya mstari mmoja.

Halafu nimekuja kusikia shemeji alipewa elfu 5 yake kwa kutupeleka kwao. Nilipomgusia mama mkwe, akaniambia namtafutia mwanawe aibu, tangu siku hiyo salamu zake ni za nusu mdomo.

Nawauliza, nikilipa sa hizi ndo nitakuwa nimekubali kwamba Mokowe ni Lamu, au naweza kulipa nichukue vitu vyangu kisha nikawadai? Shemeji nimtie kwenye kesi au nimwache? Na nyie mliohamia visiwani mkitoka bara, kwenye karatasi mliandika vipi? Nijibuni upesi tafadhali, watu washaanza kuniletea vitambaa vya nguo za Idi na mimi sina cherehani.

Mama Watatu, Langoni, Lamu